Kabla ya kulipia HPLC ya mtumba
Wenzangu wa maabara za Kisumu na Nakuru, HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali zilizo kwenye kimiminika) iliyokwisha kutumika msiinunue kwa picha. Iwashwe mkiona. Pitisha methanoli na maji, mililita 1 kwa dakika, kisha kodolea presha macho. Ikitulia, pampu ni nzima. Ikipanda na kushuka kila mpigo, huenda sili au vali imechoka, au ni hewa tu. Chungulia chini ya kichwa cha pampu: unga mweupe wa chumvi ni dalili ya kuvuja. Taa ya dyuteri ya kigunduzi, yaani sehemu inayotambua kemikali kwa mwanga, huchoka baada ya saa 2,000 hivi, kwa hiyo omba kusoma saa zake. Programu ya kompyuta ya kuiendesha nayo ije na leseni yake, la sivyo umenunua sanduku zito. Na stima zetu mnazijua, tengeni pesa za UPS, betri ya kushikilia mashine stima ikipotea.