Namna ya kupanga na kujalidi shajara ya usomaji kwa mkono

Shajara ya usomaji ni kitabu cha kuandikwa. Kila kinapofunguliwa huwekwa mezani, mkono mmoja ukishika kalamu na mwingine mara nyingi ukishika kitabu kinachosomwa. Kwa hiyo lazima ilale wazi yenyewe, ukurasa wowote, bila kukandamizwa. Daftari lililobandikwa kwa gundi tupu mgongoni hujifunga, na ukililazimisha kurasa hung'oka. Inayolala wazi ni ile iliyoshonwa kwa uzi, karatasi zake zikiwa zimekunjwa kufuata mwelekeo wa nyuzi zake.

Kurasa kabla ya sindano

Vipimo vya hapa ni vya shajara ya A5: vitita 6, kila kitita karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati, jumla kurasa 96. Zigawe kabla ya kukata chochote, kwa sababu ukishashona huwezi kuongeza.

Mgawo unaofaa ni huu: ukurasa wa 1 jina lako na mwaka, wa 2 na wa 3 fahirisi, kuanzia wa 4 hadi wa 83, kila kitabu kurasa mbili zinazotazamana, yaani vitabu 40. Wa 84 hadi wa 89 ni msamiati na nukuu, wa 90 hadi wa 93 vitabu unavyotamani kuvisoma, wa 94 na wa 95 vitabu ulivyoazima na ulivyoazimisha. Wa 96 uache mtupu. Kurasa za kwanza na za mwisho zitaliwa milimita 4 na gundi karibu na mgongo, usiandike chochote cha maana hapo.

Kitabu kikianzia ukurasa wenye namba shufwa, upande wa kushoto, hakuna haja ya kufunua ili kuona kumbukumbu zake zote. Kushoto weka taarifa: jina, mwandishi, mfasiri kama yupo, mwaka wa toleo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na mistari mitatu ya "ninachotarajia". Mistari hiyo ijazwe kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza, la sivyo haina kazi. Kulia ni maoni. Usitenge nafasi ya nyota za kupima ubora. Mwaka ukipita, nyota 4 hazikukumbushi lolote, lakini "nilikiacha ukurasa wa 60, msimulizi alianza kunihubiria" inakurudishia kitabu chote. Vitabu ulivyoacha njiani navyo vipewe kurasa zao.

Pambizo ya ndani iwe milimita 20, ya nje 12, ya juu 15, ya chini 18. Mistari ya milimita 7 itatoshea 25 kwa ukurasa, kwa hiyo kurasa mbili za fahirisi zinabeba vitabu 40 na nafasi kubaki.

Ukitaka kuchapa mistari na vichwa kwa printa, kumbuka kwamba kurasa zinazokaa upande mmoja wa karatasi hazifuatani. Katika kila kitita, jumla ya namba mbili za upande mmoja ni ileile: kitita cha kwanza 17 (16 na 1, 2 na 15, 14 na 3, na kuendelea), cha pili 49, cha tatu 81. Jumla ikikataa, umekosea. Chagua karatasi igeuzwe kwa ukingo mfupi, vinginevyo upande wa nyuma utatoka kichwa chini.

Mwelekeo wa nyuzi

Hapa ndipo shajara nyingi za kwanza huharibikia, na kosa halionekani mpaka kazi iishe. Nyuzi za karatasi hulala zikielekea upande mmoja. Zinapopata unyevu hutanuka kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana. Zikiukata mgongo badala ya kwenda sambamba nao, gundi itafanya kurasa ziwe na mawimbi karibu na mshono, mikunjo itapasuka, na kitabu kitasimama wima kama feni badala ya kulala.

Kuzitambua, pinda karatasi polepole bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Inakopindika kwa ulaini, mstari wa pindo unafuata nyuzi. Ukiwa na shaka, lowesha kipande upande mmoja: kitajiviringa kama bomba, na bomba hilo litaelekea kama nyuzi. A4 ya kawaida ya ofisini mara nyingi ina nyuzi za upande mrefu, ambazo ukikunja kupata A5 zinakuwa kinyume. Tafuta A3 yenye nyuzi za upande mrefu, ikate katikati, na kila nusu itakuwa A4 inayofaa. Karatasi 13 za A3 zinatoa 24 za kurasa na 2 za kuunganisha jalada. Uzito wa gramu 100 kwa mita ya mraba unastahimili kalamu ya wino. Gramu 80 inatosha kwa penseli na kalamu za kawaida. Kadibodi na kitambaa cha jalada navyo vina nyuzi, na zote ziende sambamba na mgongo.

Kukunja na kutoboa

Kunja kila karatasi peke yake, sugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko au ubao laini, kisha zichomeke nne nne. Ziweke chini ya uzito usiku mmoja. Vitita ambavyo havikukandamizwa huvimba, na vipimo vya mgongo vitakudanganya.

Kata kipande cha kadi chenye urefu wa milimita 210 na ukitie alama, kutoka juu: 15, 50, 63, 147, 160 na 195. Kiweke ndani ya mkunjo wa kila kitita na utoboe kwa msharasi au sindano nene, kutoka ndani kwenda nje, ncha ikipita katikati kabisa ya mkunjo. Tundu likikwepa mkunjo kwa milimita moja tu, kitita kitakaa upande.

Kushona

Tumia uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, kiasi cha mita 1.6, na tepe mbili za pamba zenye upana wa milimita 12 na urefu wa milimita 70. Uzi mnene huonekana imara, ila kila kitita huongeza unene wake mgongoni tu, na mwishowe kitabu kinakuwa kama kabari.

Weka kitita cha kwanza ukingoni mwa meza, tepe zikisimama kati ya matundu ya 50 na 63, na ya 147 na 160. Ingiza sindano tundu la 195 kutoka nje, acha mkia wa sentimita 10, tembea ndani, toka 160, vuka juu ya utepe, ingia 147, toka 63, vuka, ingia 50, toka 15. Weka kitita cha pili juu yake, ingia 15 na urudi kwa njia hiyohiyo hadi 195. Funga uzi na mkia kwa fundo mara mbili. Cha tatu kikifika 15, pitisha sindano nyuma ya uzi unaounganisha vitita viwili vya chini, ipenye kwenye kitanzi, kisha kaza. Fanya hivyo kila mwisho wa kitita kinachofuata, na cha sita ukifunge mara mbili.

Vuta uzi sambamba na mgongo, kuelekea unakoshona. Ukiuvuta kuja kwako unapasua karatasi kwenye tundu, na tundu lililopasuka halitengenezeki.

Mgongo na jalada

Kunja karatasi mbili zilizobaki na ubandike moja mbele na moja nyuma, gundi ikiwa ukanda wa milimita 4 tu kando ya mkunjo. Gongagonga mgongo mezani uwe sawa, ubane, upake gundi nyeupe kwa safu nyembamba. Bandika utepe wa alama wa sentimita 33, kisha kipande cha shashi kirefu milimita 190 na kinachozidi mgongo milimita 25 kila upande.

Sasa pima unene wa mgongo. Ukiwa milimita 7, ukanda wa mgongo wa jalada utakuwa 11, kwa sababu unaongeza mbao mbili za kadibodi ya milimita 2. Mbao ziwe 216 kwa 145, ukanda uwe na urefu wa 216. Kati ya ukanda na kila ubao acha mfereji wa milimita 7. Ukiubana, jalada litavuta ukurasa wa kwanza kila linapofunguliwa. Kitambaa ni 252 kwa 351, na kiwe kimebandikwa karatasi nyembamba nyuma, la sivyo gundi itapenya mpaka usoni. Kata pembe kwa mshazari ukiacha milimita 3 kutoka kwenye ncha ya ubao. Ukikata karibu zaidi, kadibodi itachungulia.

Ingiza kitabu katikati ya jalada. Weka plastiki chini ya karatasi ya kwanza, pakaa gundi juu yake na chini ya tepe na shashi, kisha funga jalada juu yake bila kuinua tena kuchungulia. Geuza, rudia upande wa pili mara moja, kwa sababu ubao uliobandikwa upande mmoja hupinda. Kandamiza mifereji kwa vijiti vyembamba, weka uzito wa kilo 5 au zaidi, ubadilishe plastiki kwa karatasi kavu baada ya saa moja, na uiache saa 24.

Usiifungue katikati kwa mara ya kwanza. Isimamishe kwa mgongo, laza jalada zote mbili, kisha teremsha kurasa chache za mbele, chache za nyuma, ukisugua karibu na mshono, mpaka ukutane katikati.