Kuunganisha themokapo ya aina ya K kwenye Home Assistant ili usome joto la tanuri kwenye simu

Jirani yetu hapa Arusha anaoka mikate ya kuuza kwenye tanuri la matofali linalotumia kuni, nyuma ya nyumba yake. Alitaka aone joto la tanuri kwenye simu wakati yuko ndani anakanda unga, kuliko kutoka kila mara, kufungua mlango na kupoteza joto. Nyumbani kwake tayari kulikuwa na Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, inayosimamia taa na pampu ya maji, kwa hiyo kilichobaki ni kuongeza kihisi kimoja. Ninaandika tuliyoyapitia ili mwingine asizunguke. Nachukulia kwamba Home Assistant yako inafanya kazi na ESPHome, programu ya kuandaa bodi ndogo za Wi-Fi kama ESP32, umeshaiweka.

Hatua ya 1: Vifaa

Kihisi cha joto cha kawaida kama DS18B20 kinaishia nyuzi 125 za Selsiasi, kwa hiyo kwenye tanuri hakifai. Tumia themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Aina ya K inapatikana kirahisi na inavumilia zaidi ya nyuzi 1,000. Chukua yenye ala (mfuko wa nje) ya chuma cha pua na nyaya zilizofunikwa kwa fibaglasi. Zenye plastiki ya kawaida zitayeyuka karibu na mdomo wa tanuri.

Umeme unaotoka kwenye themokapo ni mdogo mno, takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja, hivyo lazima uwe na bodi ya kati ya kuugeuza kuwa namba kabla ya ESP32. MAX6675 ndiyo rahisi kwa bei na inasoma kuanzia 0 hadi 1,024. Mimi siinunui tena. Nanunua MAX31855, kwa sababu hiyo inakuambia tatizo ni lipi: waya umekatika, umegusa ethi, au umegusa umeme wa bodi. MAX6675 inajua kukatika tu. MAX31856 ni bora kuliko zote mbili na ina kichujio cha mngurumo wa 50 Hz wa umeme wa nyumbani, ila kwa kazi ya mikate ni gharama isiyo na faida.

Hatua ya 2: Bodi na ESP32

Umeme volti 3.3, ethi kwa ethi, kisha pini za bodi ya MAX31855 kwenye ESP32: CLK kwenye pini 18, DO kwenye 19, CS kwenye 22. Chipu ya MAX31855 yenyewe inaishia volti 3.6, kwa hiyo usiipe volti 5 kama bodi yako haina regyuleta (kipunguza volti).

Hatua ya 3: Faili la ESPHome

```
spi:
  clk_pin: GPIO18
  miso_pin: GPIO19

sensor:
  - platform: max31855
    name: "Tanuri"
    cs_pin: GPIO22
    update_interval: 5s
    reference_temperature:
      name: "Bodi ya tanuri"
    filters:
      - median:
          window_size: 5
          send_every: 2
```

Usiondoe ile sehemu ya `reference_temperature`. Inakuonyesha joto la bodi yenyewe, na utalihitaji hivi punde.

Hatua ya 4: Nyaya kutoka tanurini hadi kwenye bodi

Hapa usiwe na haraka. Themokapo haipimi joto moja kwa moja. Inapima tofauti ya joto kati ya ncha yake na mahali nyaya zake zinapoishia. Chipu ina kipimajoto chake cha ndani, inajumlisha joto la bodi na ile tofauti, ndipo unapata namba kwenye simu. Hesabu hiyo inakuwa kweli pale tu metali zile zile mbili zinapoendelea bila kukatizwa kutoka nchani hadi kwenye skrubu za bodi. Kwa maneno mengine, waya wote ni sehemu ya kihisi.

Themokapo ya jirani ilikuja na waya mfupi, na bodi tuliiweka jikoni mbali na moto. Fundi aliyevuta waya wa kuongezea alinunua waya sahihi wa aina ya K, lakini alizipishanisha nyaya (chanya kwa hasi) kwenye kiungo cha ukutani, kisha zikapishana tena kwenye bodi. Zingepishana mara moja tu angegundua papo hapo, kwa kuwa namba zingeshuka moto ukiwaka. Zikipishana mara mbili namba zinapanda vizuri, na kila mtu anaridhika.

Asubuhi tanuri likiwa baridi, kila kitu kinasoma sawasawa. Moto ukikolea, namba zinaanza kubaki nyuma kidogo kidogo. Kiungo cha ukutani kilifika nyuzi 70 na bodi ya jikoni ilikuwa nyuzi 28, tofauti ya 42. Kosa linakuwa maradufu ya hapo, nyuzi 84. Tanuri la 230 linasoma 146 kwenye simu, mikate inaungua chini na mwokaji anaambiwa aongeze kuni. Badilisha bodi, badilisha ESP32, pakia programu upya, hakuna kitakachosaidia. Na ukitumia waya wa kawaida wa shaba badala ya waya wa aina ya K, kosa ni ile tofauti yenyewe, nyuzi 42 kwa mfano huu. Waya wa shaba ndio makosa yanayofanywa zaidi, maana upo kila duka la vifaa vya umeme.

Usiamini rangi. Kwa kanuni za Marekani, aina ya K ina njano kuwa chanya na nyekundu kuwa hasi. Kwa kanuni za kimataifa za IEC, kijani ni chanya na nyeupe ni hasi. Themokapo nyingi za bei nafuu kutoka China zina nyekundu na buluu, na hapo nyekundu ni chanya. Fundi aliyezoea nyekundu kuwa chanya, akikutana na waya wa Kimarekani, atazipishanisha nyaya bila kujua. Chukua sumaku: menya ncha za nyaya, uziache zining'inie, kisha isogeze sumaku karibu. Waya unaovutwa ni alumeli, nao ndio hasi. Ule wa chanya, kromeli, hauvutwi. Fanya hivyo kwa themokapo na kwa waya wa kuongezea pia, kila ncha.

Kwenye kiungo, tumia plagi maalumu za aina ya K, au bana nyaya zenyewe kwa zenyewe, kromeli na kromeli, alumeli na alumeli, kila jozi chini ya skrubu yake. Kiweke ndani ya kisanduku mbali na ukuta wa moto.

Kisha pima ala kwa multimita. Kama ala ya chuma inaungana na mojawapo ya nyaya, MAX31855 italalamika kwamba waya umegusa ethi mara tu ala itakapogusa chuma cha tanuri kilichounganishwa na ethi ya nyumba. Dalili yake ni kwamba ESP32 ikichomekwa kwenye laptopu inayotumia betri inasoma vizuri, ukiihamishia kwenye chaja ya ukutani namba zinapotea. Nunua themokapo ambayo ncha yake haigusani na ala. Weka pia kapasita ya nanofaradi 10 kati ya skrubu mbili za bodi, na usiupitishe waya huu sambamba na waya wa pampu.

Hatua ya 5: Kupima

Maji yenye barafu nyingi iliyopondwa yasome karibu na 0. Maji yanayochemka yasome karibu na 100 ukiwa Tanga au Mombasa, ila Arusha ni takriban 95 na Nairobi 94, kwa sababu ya mwinuko. Usije ukarekebisha kihisi kizima kwa sababu hiyo.

Vipimo hivi vya mezani havionyeshi kosa la kiungo, kwa kuwa kiungo na bodi vina joto lile lile la chumba. Chovya ncha kwenye maji ya barafu, kisha mwagia kiungo hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele. Namba isisogee. Ikishuka, rudi hatua ya 4.

Hatua ya 6: Arifa

Tengeneza arifa ya joto kupita 240 kwa dakika 2, siyo papo hapo, vinginevyo simu italia kila kuni inapoongezwa. Tengeneza na ya pili ya kihisi kukosa namba kabisa, maana waya ukikatika ile ya kwanza haitalia kamwe.

Kama tanuri lako ni la gesi, mfumo huu uwe wa kusoma tu. Kuwasha na kuzima gesi uachie themostati ya tanuri na vali yake ya usalama, ambavyo vinafanya kazi hata Wi-Fi ikiwa imekatika.