Kupima na kutunza mbegu baada ya kufungua vasektomi

Kabla hujapima chochote, omba nakala ya ripoti ya upasuaji wako wa kufungua vasektomi, yaani kuunganisha tena mirija ya mbegu iliyokatwa ili kufunga uzazi, maana ndiyo itakayokuambia usubiri muda gani. Tafuta humo aina ya kiungo, yaani mahali mrija ulipounganishwa, kilichofanyika kila upande. Ikiwa ncha mbili za mrija wa mbegu zilishonwa pamoja, mbegu kwa kawaida huanza kuonekana ndani ya miezi 3. Zisipoonekana kufikia mwezi wa 6, upasuaji huhesabiwa kuwa haukufaulu. Ikiwa mrija uliunganishwa na epididimisi, yaani kile kijirija kilichojikunja nyuma ya korodani ambamo mbegu hukomaa, subira ni ndefu: huenda ikafika mwaka au kupita. Daktari hulazimika kwenda huko anapokuta ndani ya mrija majimaji mazito kama dawa ya meno, yasiyo na mbegu, dalili kwamba shinikizo la miaka mingi limeziba epididimisi yenyewe. Majimaji maangavu, au mbegu nzima zilizoonekana kwenye hadubini palepale chumba cha upasuaji, ni habari njema.

Miaka iliyopita tangu ufunge nayo ina uzito. Matokeo ya madaktari wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 1991 hutajwa hadi leo: kwa waliokuwa wamefunga kwa muda usiozidi miaka 3, mbegu zilirudi kwa 97% na mimba ikapatikana kwa 76%, kwa waliofikisha miaka 15 na zaidi, ni 71% na 30%. Tazama pengo lililopo kati ya mbegu kurudi na mimba kupatikana. Katika pengo hilo kuna umri wa mwanamke, kuna kovu, na kuna ubora wa mbegu zenyewe.

Wiki za mwanzo linda mshono. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele, na mrija hujikaza kwa nguvu wakati wa kumwaga, kwa hiyo usimwage manii kwa njia yoyote kwa wiki 3 hadi 4, au kadiri daktari wako alivyoagiza. Usinyanyue vitu vizito muda huohuo. Vaa chupi inayobeba korodani vizuri, mchana na usiku. Barafu iwe ndani ya kitambaa, dakika 20 kisha pumzisha, kwa siku 2 za kwanza. Uvimbe unaokua haraka, homa au usaha haungoji kesho: rudi hospitali.

Kipimo cha kwanza kifanyike kati ya wiki ya 4 na ya 8, kisha kila baada ya miezi 2 au 3 hadi namba zitulie au mimba iingie. Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, na idadi ya siku iwe ileile kila mara. Vinginevyo huwezi kulinganisha kipimo hiki na kile. Unapotoa sampuli, usitumie mate, mafuta, sabuni wala kondomu ya kawaida. Kinga manii yote: tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi zaidi, na likimwagika nje mwambie mhudumu wa maabara, usione haya. Chupa ifike maabara ndani ya saa 1, ikiwa karibu na mwili wako, si kwenye friji wala juani. Ukiambiwa hakuna mbegu, uliza kama sampuli ilizungushwa kwenye mashine na mashapo yake yaliyotuama chini kuangaliwa. Mbegu chache hupatikana humo tu.

Ukipata karatasi ya majibu, usidanganywe na wingi wa manii. Mbegu ni sehemu ndogo mno ya majimaji hayo, na ndiyo maana vasektomi yenyewe haikuyapunguza kwa namna ya kuonekana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka viwango vya chini hivi: mbegu milioni 16 kwa mililita, 42% zikitikisika, 30% zikienda mbele, 4% zikiwa na umbo la kawaida. Kuwa chini yake si hukumu ya ugumba. Hata baadhi ya wanaume waliopata watoto ndani ya mwaka mmoja walikuwa chini ya hapo. Namba inayosaidia zaidi utaipata mwenyewe kwa kuzidisha: mililita 2.5 × milioni 12 × 30% ni milioni 9 za mbegu zinazotembea. Iandike kila kipimo na tarehe yake.

Idadi mara nyingi hurudi kwanza, mwendo ukafuata miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo mbegu nyingi zilizolala katika kipimo cha kwanza zisikuvunje moyo. La kuogopa ni mstari unaoshuka: namba ilipanda, kisha vipimo viwili mfululizo idadi na mwendo vinapungua. Hapo kovu huenda linabana kiungo. Muone daktari upesi. Wapo wanaojaribu dawa za kupunguza uvimbe, lakini si za kujinunulia. Ushauri wetu ni kugandisha mbegu mara tu zinapoonekana zenye mwendo, hasa kama kiungo chako ni cha epididimisi, kwani hicho huziba tena kwa urahisi zaidi.

Majibu yakitaja kingamwili dhidi ya mbegu, yaani kinga za mwili wako zinazozishambulia mbegu, tulia. Wanaume wengi waliofunga wanazo, na wengi hupata watoto nazo.

Kutumia testosteroni, homoni ya kiume, kama dawa ndiyo kosa linalotuumiza kuona. Mwanaume anajisikia mchovu, anachomwa sindano au anapaka jeli, na ubongo unaacha kutuma homoni zinazoamuru korodani kutengeneza mbegu. Idadi inaweza kushuka hadi sifuri huku mrija ukiwa wazi kabisa. Steroidi za kujenga misuli hufanya vivyo hivyo. Kama umewahi kutumia, mwambie daktari kabla hajalaumu mshono.

Mbegu moja huchukua siku 74 hivi kutengenezwa, kisha husafiri siku kadhaa. Kwa hiyo homa kali ya leo itaonekana kwenye vipimo vya miezi 2 au 3 ijayo, na faida ya kuacha sigara, bangi au kuoga maji ya moto sana nayo itachelewa vivyo hivyo. Vidonge usivitegemee: utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2020 ulijaribu zinki na asidi ya foliki, na haukuona mbegu kuboreka wala watoto kuongezeka.

Kukutana kimwili kuwe kila siku au siku moja baada ya nyingine katika siku 6 zinazoishia siku ya yai kutoka. Kujibana ili mbegu zirundikane hudhoofisha mwendo wake.

Mwanamke naye apimwe mapema. Akiwa chini ya miaka 35, mpeni nafasi ya mwaka mmoja tangu mbegu zirudi. Akiwa na 35 na zaidi, miezi 6. Akipita 40, anzeni uchunguzi sasa. Mbegu zikikosekana kabisa, kuna upasuaji wa kurudia, au kutoa mbegu moja kwa moja kwenye korodani na kudunga mbegu moja ndani ya kila yai maabara. Njia hiyo ya pili haihitaji mrija kuwa wazi, lakini inamtaka mwanamke achomwe sindano za kukuza mayai na kuyatoa, hivyo uamuzi ni wenu wawili.