Kombi ya zamani isichemke mlimani

Wenye Kombi za Volkswagen za miaka ya 70 hapa Moshi, injini ya 1600 haina rejeta, inapozwa na upepo wa feni tu, kwa hiyo kabla hujapandisha Marangu anza na feni belti. Zima injini, bonyeza belti katikati kwa dole gumba, ishuke kama sm 1.5 hivi, ikizidi fungua puli (gurudumu linalozungusha belti) utoe washa moja, yaani kile kipande cha bati cha duara, katikati ya vipande vyake viwili uihamishie nje. Oili ni lita 2.5 tu, cheki kila asubuhi. Nafasi ya valvu seti 0.15 mm injini ikiwa baridi kabisa, vuguvugu hapana, hapo ndo wengi wanaunguza valvu.

Taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani simama hapo hapo, usiseme ntafika mbele, maana belti inayozungusha chaji ndo inayozungusha feni, ikikatika na feni imesimama. Mi natembea na belti ya spea chini ya siti.