SOMO: Kusoma tope la fiodi (ghuba nyembamba ndefu iliyochongwa na barafu) yenye barafuto (mto wa barafu unaosogea polepole), mfano Kongsfjorden, visiwa vya Svalbard, Norwe

Wakuu, kila wiki naulizwa kama tabaka moja la tope ni mwaka mmoja. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka hapa.

1. Tafuta kwenye ramani barafuto inaishia wapi baharini. Mfano wangu ni barafuto ya Kronebreen.

2. Pima umbali wa sampuli yako ya tope la chini ya bahari hadi hapo. Karibu na barafuto tope hupanda kwa sentimita nyingi kwa mwaka. Mdomoni mwa fiodi ni milimita tu.

3. Tazama rangi. Tope la Kronebreen ni jekundu kwa sababu barafu husaga mawe mekundu ya mchanga ya enzi ya Devoni (takriban miaka milioni 400 iliyopita).

4. Umri. Hapa ndipo nilipoharibu. Bomba langu la kwanza (lile linalozamishwa sakafuni mwa bahari likatoka na tope ndani) lilipopasuliwa niliona mistari ya mchanga na tope ikipokezana kama ya kikoi. Nikahesabu kila jozi mwaka mmoja, kazi nzima ikaanza upya. Maji ya myeyuko hutokea chini ya barafuto; hayana chumvi, ni mepesi, basi hupanda na kutanda juu ya bahari yakiwa na unga wa mawe. Chembe zikikutana na chumvi hushikana, zikazama. Maji yakijaa na kupwa, mzigo hubadilika, hivyo jozi moja yaweza kuwa ya saa chache. ONYO: usitaje umri bila kupima madini yenye mnururisho, yaani risasi-210 (madini ya risasi, lead) na sesiamu-137, ambayo kilele chake ni 1963, enzi za majaribio ya mabomu ya nyuklia. ONYO la pili: mchanga mzito chini na tope laini juu huenda ni maporomoko ya siku moja.

5. Kokoto peke yake ndani ya tope laini mara nyingi imedondoshwa na siwa barafu, yaani pande la barafuto lililokatika na kuelea baharini.

MASWALI

Swali: Kwa hiyo tabaka moja ni mwaka?
Jibu: Soma namba 4.

Swali: Nimepata kokoto tele, nikaona siwa barafu zilikuwa nyingi, nikaandika barafuto ilisogea mbele. Kosa liko wapi?
Jibu: Sijasema haiwezekani, nasema hujathibitisha. Barafu ya bahari nayo hubeba kokoto za ufukweni. Zikiwa zimelainishwa na mawimbi, shuku ufukwe kwanza.

Swali: Samahani mkuu, nje ya mada kidogo. Kwenye picha shakwe wamejazana palepale maji yanapobadilika rangi. Wanafuata tope?
Jibu: Umeangalia vizuri sana, dada. Maji yale ya myeyuko yakipanda huburuta vijidudu vya kina kirefu hadi juu, shakwe wanaokota. Ukiona kundi lao, huenda mlango wa maji ya myeyuko chini ya barafuto uko karibu na hapo.

Swali: Na kokoto unazihesabuje bila kuvuruga tope?
Jibu: Piga eksirei bomba kabla ya kulipasua. Kokoto hutokea wazi kama mifupa.