Kushuka Karibiani Novemba kwa boti ya matanga: hesabu inaanzia Gulf Stream

Haya wadau, kila ikifika Oktoba naulizwa swali lile lile na vijana wanaopata kazi ya kupeleka boti za matanga kutoka Virginia, Marekani, kwenda Tortola (Visiwa vya Virgin vya Uingereza, huko Karibiani): tunaondoka lini? Jibu langu huwa linawaudhi, maana nawaambia tutaondoka siku Gulf Stream, ule mkondo mkubwa wa bahari nje ya pwani ya Marekani, itakapotupa njia, basi. Kwetu pwani mtu wa jahazi anangoja kaskazi ishike ndo anatweka, na ikishika imeshika. Huku Atlantiki mpaka ushuke karibu latitudo 25 ndo utakutana na pepo za mashariki za kuaminika, juu ya hapo upepo unageuka kila baada ya siku tatu nne na wewe unapanga kwa masaa.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini Novemba

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni Juni 1 mpaka Novemba 30, na bima nyingi zina tarehe kabisa kwenye mkataba, mara nyingi Novemba 1, kabla ya hapo ukishuka kusini ni kwa hasara yako (soma mkataba, usiulizie jirani). Ukisogea mbele sana kuelekea Desemba nako dhoruba za baridi zinazotoka bara la Marekani zinazidi ukali na zinafuatana. Kwa hiyo watu wengi wanabanana kwenye wiki mbili za mwanzo za Novemba. Lakini usidhani vimbunga vimeisha, mwaka 1999 kimbunga Lenny alikuja katikati ya Novemba tena akitokea magharibi, bandari zilizozoea kujikinga na mashariki zikapigwa mgongoni, na 2011 dhoruba ya Sean ilizaliwa Novemba hapo hapo jirani na Bermuda. Tovuti ya National Hurricane Center (kituo cha Marekani kinachofuatilia vimbunga) ifungue kila asubuhi hata kama mbingu nyeupe.

Hatua ya 2: Chagua siku ya kuvuka, halafu rudi nyuma

Hapa ndo kazi yote ilipo, msome taratibu. Gulf Stream ni mkondo wa maji moto unaokimbia kuelekea kaskazini mashariki, katikati yake unafika noti 4 hata 5 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Upepo ukitoka kaskazini unagongana nao uso kwa uso, mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama wima na yanavunjika, na noti 20 tu za kaskazini zinatosha kukuharibia siku. Kanuni yangu haina mjadala: upepo wenye kaskazini yoyote ndani yake, hatuingii kwenye mkondo.

Sasa tatizo liko hivi. Ubaridi ukipita (yaani ukingo wa hewa baridi inayosukuma hewa ya joto, ile mistari ya blu kwenye ramani ya hali ya hewa), upepo unatoka kusini magharibi unazunguka magharibi, kaskazini magharibi, kaskazini, halafu unalegea. Huo wa kaskazini magharibi ndo mtamu wa kukutoa mdomo wa ghuba ya Chesapeake pale Virginia, unakusukuma kutoka nyuma, ila ukiondoka nao mapema unafika kwenye mkondo upepo bado unavuma kutoka kaskazini. Kutoka mdomoni mpaka ukingo wa mkondo, boti ya noti 6 inatumia kama siku moja au zaidi kidogo, kisha masaa kumi na kitu kuvuka. Kwa hiyo unatafuta ubaridi uliokwisha pita, upepo unaanza kufa, na utabiri unaosema utakapofika ukingoni utakuwa umeshageuka kutoka mashariki au kusini au umelala kabisa. Ukilala piga injini uvuke, mafuta yamenunuliwa kwa ajili hiyo.

Angalia modeli mbili za utabiri wa hali ya hewa, GFS ya Wamarekani na ile ya Ulaya ya ECMWF. Zikikubaliana kuhusu siku ya kuvuka, vizuri. Zikipishana, kaa bandarini unywe chai. Na ukisoma noti 25 kwenye simu kumbuka ni wastani, upepo wa ghafla utazidi hapo, na nguvu ya upepo haiongezeki kwa kujumlisha: noti 30 zinasukuma mara nne ya noti 15.

Jingine ni zile duara za maji zinazokatika kutoka kwenye mkondo. Za baridi ziko upande wa kusini na zinazunguka kinyume cha saa, ukipita ubavu wake wa magharibi zinakubeba kwenda kusini, ukikosea ukapita mashariki yake unasukumwa kurudi ulikotoka siku nzima. Za moto ziko kaskazini, kinyume chake, pita mashariki. Ramani za joto la maji zinaonyesha zote, na ukiwa baharini kipima joto cha maji kinakwambia umeingia.

Hatua ya 3: Boti na watu

Usukani, waya za mlingoti na vyuma vinavyozishika, pampu za ngama (za kutoa maji chini ya boti), hivyo unavijua. Kinachosahaulika ni tangi la dizeli: boti iliyokaa marina mwaka mzima ina uchafu chini, siku ya kwanza ya mawimbi unakorogeka na injini inazima pale unapoihitaji. Safisha tangi, beba filta za kutosha na kila mtu ajue kubadilisha. EPIRB (kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti) isajiliwe kwa jina la boti hiyo, siyo kwa jina la mwenye wa zamani. Maji lita 4 kwa mtu kwa siku ndo kima cha chini.

Na watu: ukiwa na baharia mwenye tiketi ya ndege ya tarehe fulani, tayari una nahodha wa pili anayeamua badala yako. Waambie wasikate tiketi ya kurudi mpaka waone nchi kavu.

Hatua ya 4: Mashariki kwanza

Njia nzima ni maili 1,300 mpaka 1,500 za baharini, siku tisa mpaka kumi na mbili. Tortola iko longitudo 64 na nusu hivi magharibi, Virginia iko 76. Hizo nyuzi zilipe mapema wakati bado una pepo za magharibi, ufike karibu 65 kabla hujashuka chini ya latitudo 25, la sivyo utaenda joshi (kupanda dhidi ya upepo) siku nne unapigwa uso. Bermuda iko kwenye longitudo hiyo hiyo, kama maili 640 kutoka Chesapeake, ukichoka au ubaridi mwingine ukikimbiza, ingia bandari ya St. George's. Waite Bermuda Radio kwenye redio ya VHF chaneli 16 mapema, na usijaribu Town Cut (mlango mwembamba wa bandari hiyo) usiku kama hujawahi, miamba ya upande wa kaskazini inaenda mbali.

Hatua ya 5: Ukiwa njiani

Utabiri wa siku ya sita na kuendelea ni pambo tu, kwa hiyo pakua mpya kila siku kwa setilaiti. Usiku wa Novemba unakaribia masaa 14, punguza tanga kabla jua halijazama hata kama unaona aibu, na kila mtu afungwe kamba kabla hajatoa kichwa nje. Wanaougua kichefuchefu cha bahari wapewe dawa usiku wa kabla ya kuondoka, wakishaanza kutapika haisaidii.

Hatua ya 6: Kufika

Ukitokea kaskazini kuna Anegada, kisiwa bapa chenye kimo cha mita 8 hivi, na mwamba wa Horseshoe unatoka kwake maili nyingi kwenda kusini mashariki. Pita magharibi yake ukiiachia nafasi kubwa. Ukifika giza, geuza tanga la mbele upande wa upepo, fungia usukani kinyume, boti itulie huko nje mpaka kupambazuke, maili 20 kutoka nchi kavu siyo 5.