Kufuma Raba za Kroshia kwa Mtoto Mchanga

Raba ya kroshia hutambulikana kwa mambo matatu: ukanda mweupe unaoizunguka soli, kofia nyeupe juu ya vidole, na kamba zinazokatiza juu ya ulimi. Yakikosekana hayo, hata uzi wa bei ghali huishia kuwa soksi nene. Mfano unaoelezwa hapa unafuata umbo la All Star ya Converse, raba ya shingo ndefu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1917, nao ni wa mtoto wa miezi 0 hadi 3, ambaye wayo wake huwa na urefu wa karibu sentimita 9.

Aliyezoea kufuma vitambaa vya makochi anaifahamu tayari mishono yote itakayohitajika. Atafute uzi wa pamba wa unene wa kati, mweupe na wa rangi nyingine moja, sindano ya kroshia ya milimita 3, sindano butu yenye tundu kubwa, na mkasi. Pamba hunyonya jasho na hushika umbo. Akriliki ni rahisi kupatikana, lakini kwenye joto mguu wa mtoto hulowa haraka.

Soli hufumwa kwa nusu nguzo, yaani uzi huzungushwa mara moja kwenye sindano kabla ya kuichomeka, kitanzi kipya huvutwa juu, kisha uzi ukavutwa kupitia vitanzi vyote vitatu kwa mkupuo. Anza na mnyororo wa vitanzi 11. Fuma nusu nguzo mbili katika kitanzi cha pili kutoka kwenye sindano, moja moja katika vinane vinavyofuata, na nne katika cha mwisho. Kisha geukia upande wa pili wa mnyororo, fuma moja moja katika vinane, na umalizie kwa mbili pale ulipoanzia, ili upate mishono 24. Katika mzunguko wa pili, fuma mishono miwili ndani ya kila mmoja wa ile minne ya kila ncha, ifike 32. Katika wa tatu, kati ya mishono minane ya kila ncha, ongeza kila baada ya mmoja, ifike 40. Ilaze soli mezani: kingo zikijikunja juu, mkono umebana mno, zikifanya mawimbi, umelegea. Ni busara kufuma soli zote mbili kabla ya kuendelea, kwa sababu mkazo wa mkono hubadilika siku hadi siku. Hakuna kiatu cha kulia wala cha kushoto. Kwa mtoto mkubwa zaidi, kila vitanzi viwili vinavyoongezwa kwenye mnyororo wa mwanzo hurefusha soli kwa takriban sentimita moja.

Sasa ukanda, ambao ndio hasa unaobeba sura ya raba. Kila mshono una nyuzi mbili juu yake; kwa uzi mweupe, fuma mishono mifupi 40 (ya kuchomeka bila kuzungusha uzi kwanza kwenye sindano) ukichukua uzi wa nyuma peke yake. Uzi wa mbele ulioachwa utabaki kama mstari, na kitambaa kitasimama wima badala ya kuendelea kutanuka. Mzunguko unaofuata hufumwa kwa nyuzi zote mbili, nao unatosha, kwani ukanda wa mizunguko minne huwa mzito kupita kiasi kwenye mguu mdogo namna hiyo.

Mwanzo wa mzunguko ndio kisigino, hivyo mishono ya 13 hadi 28 ndiyo ya mbele. Ifume hiyo 16 miwili miwili kwa pamoja ili ibaki 8, ongeza safu tatu nyeupe, kisha badili rangi na ufume safu nane za ulimi. Kwa ubavu, anzia kwenye ukingo wa kofia: mishono mitatu ukishuka, 24 ukizunguka kisigino, na mitatu ukipanda ukingo wa pili, jumla 30. Punguza mshono mmoja kila mwisho wa safu tatu zinazofuata, kisha fuma safu nne bila kupunguza. Shingo isifupishwe: kiatu kisichofika kwenye kifundo huchomoka mara mtoto anapopiga mateke.

Matundu ya kamba hayahitajiki. Sindano butu hupita kati ya mishono. Fuma mnyororo wa sentimita 45, uukatishe mara tatu juu ya ulimi, na ushonee sehemu yake ya chini kwenye kofia ili usiweze kuvutwa ukatoka. Shanga, vifungo na nyota za kubandika kwa gundi viachwe, na anayefuma ili auze asiweke nembo ya kampuni ya mtu.

Kazi inayostahili subira kuliko zote imo ndani ya kiatu. Kila ncha ya uzi ipitishwe kwenye mishono kwa kwenda na kurudi angalau mara tatu, kisha kiatu kigeuzwe ndani nje na kipapaswe kwa kidole, kwa sababu uzi mmoja uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu, na mtoto wa umri huo hana lugha ya kulieleza hilo isipokuwa kulia. Raba hizi ni za mtoto asiyesimama bado. Akianza kushika kuta apewe viatu vingine, kwani soli ya uzi huteleza kwenye sakafu ya vigae.